Gagulo Juu ya Mlingoti wa Ngosa

Watu wengi hapa mtaani Mikomfwa watakwambia wao ndio waliompa Ngosa Kapambwe akili ya mlingoti. Usiwasikilize. Akili ilikuwa yake mwenyewe, na pale ilipopungua nilimwongezea mimi, jirani yake wa ukuta mmoja, Jere, ambaye mtaa mzima unaniita Mjomba ingawa sina dada hata mmoja Luanshya nzima. Mimi Mngoni, yeye Mbemba, kwa hiyo sisi ni watani. Mimi humwambia anakula nyani, naye huniambia nakula panya, na hakuna anayekwenda polisi. Nayasema haya mapema ili usije ukadhani namtukana. Namtania. Nampenda pia, ila hilo asilisikie.

Ngosa alifanya kazi mgodini miaka ishirini na miwili na hakuchimba hata jiwe. Alikuwa mtunza nguo. Wachimbaji walipopanda kutoka chini, wamelowa jasho na maji ya mwambani, kila mtu alitundika suruali na koti lake kwenye ndoana, akavuta mnyororo, nguo zikapanda mpaka darini kwenye joto. Kesho yake zilimsubiri kavu. Ngosa alikuwa mkubwa wa minyororo mia nane. Ukiingia pale ukatazama juu unaona suruali mia nane zinaning'inia kama popo, na Ngosa chini yake ametulia, anajua ya nani ni ipi bila kusoma namba. Kuna watu aliowajua kwa suruali tu. Akikutana nao mtaani wamevaa nyingine, hawasalimii.

Mgodi ulipopunguza watu, wenzake walinunua mbuzi, wengine teksi. Ngosa aliomba apewe mnyororo mmoja na roda yake, kile kigurudumu cha kupitishia mnyororo. Wakampa, wakacheka. Ngosa hakucheka. Miaka yote ile alikuwa amejifunza jambo moja tu, na alilijua kama padri anavyojua misa: kila kitu hukauka bure, kama mtu atajua mahali pa kukitundika.

Halafu ukaja ule mwaka wa ukame, ziwa la umeme likashuka, tukawa tunapewa umeme saa tatu kwa siku, na yuniti zikapanda bei. Kila yuniti iliyotoka kwenye mita Ngosa aliisikia kama jino linang'oka. Katika mwaka huohuo binti yake Kaluba, aliyeolewa Lusaka, akawaletea mashine ya umeme ya kukaushia nguo. Zawadi nzuri, nyeupe, ina mlango wa kioo. Ngosa aliizunguka, akasoma kibandiko cha nyuma, akapiga hesabu kwa vidole, akakaa chini, akaomba maji ya kunywa.

"Besa," akamwambia mkewe, "hii mashine inakula kuliko ukoo wako."

"Ukoo wangu ulikula nini kwako?" Besa akamjibu. "Miaka ishirini na saba hawajaonja hata chumvi yako."

Kesho yake kuku wake watatu walikuwa wanatagia ndani ya mashine. Unaona yai kwenye kioo bila kufungua mlango. Nimefuga kuku tangu utoto wangu Chipata na sijapata kuona banda bora.

Kisha akasimamisha mlingoti. Bomba la mgodini, mita tisa, katikati ya ua. Juu kabisa roda, kwenye roda mnyororo, upande mmoja wa mnyororo duara la chuma lenye ndoana ishirini, upande wa pili tufe la chuma la kusagia mawe, zito kama mtoto wa darasa la pili. Unatundika nguo mbichi, unachomoa pini inayozuia mnyororo, tufe linashuka pole, nguo zinapanda pole, zinakwenda kukaa kule juu kwenye upepo, mbali na vumbi, mbali na mbuzi wa mchungaji wa kanisa. Dakika arobaini, kavu. Bomba akalipaka grisi kwa ajili ya wezi. Upande wa nyuma alichomelea vijino vya chuma vya kupandia, vyembamba kama kidole, kila kimoja mahali pasipotarajiwa, na mpango wake aliujua yeye peke yake kichwani.

Tangu hapo Mikomfwa nzima ilijua Ngosa amevaa nini na hakuvaa nini. Ukiiona suruali ya kijani iko hewani, unajua mwenyewe yuko ndani, maana nyingine hana.

Sasa hilo la ukoo wa Besa lazima nilieleze, kwa sababu ndipo roho ya mtu ilipokuwa. Kwa Wabemba mkwe mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani. Hawasemi, hawali pamoja, mmoja akija njiani mwenzake anaingia porini. Hivyo hivyo mpaka siku ukoo wa mke utakapompikia mkwe, wamlishe, wamwingize. Baada ya hapo yeye ni mtoto wa nyumbani. Ngosa alingoja siku hiyo miaka ishirini na saba. Mara msiba, mara njaa, mara barabara ya Luwingu, kwao Besa, imekatika. Na kwa kuwa mama hawezi kukaa nyumba moja na mkwe asiyeingizwa, Besa alikuwa amelala chini ya paa moja na mama yake mara tatu tu tangu aolewe. Mara tatu! Mimi nimelala rumande mara nyingi kuliko hizo.

Agosti ile Bibi Ngandwe, mama yake Besa, alikuja hatimaye. Umri wake sabini na tisa, meno yote yake, siku mbili ndani ya basi. Alikuja na mdogo wake, Mama Chipasha, mwanamke anayezijua mila zote na anayefurahi sana pale mtu anapokosea moja. Jumamosi wangempikia Ngosa. Ngosa akahamia kwangu na godoro lake kupisha wageni, na kwa siku tatu alinieleza habari za upepo.

"Mjomba," alisema, "bibi akirudi kwao bila kuniingiza, harudi tena. Miaka yake sabini na tisa. Besa ataniangaliaje?"

Hapo hakutania.

Alhamisi saa tano asubuhi nilikuwa kibarazani kwangu namenya karanga. Ngosa kaenda kanisani kuazima viti. Besa kaenda sokoni. Mama Chipasha yuko ndani anapanga makosa ya watu. Bibi Ngandwe akatoka uani na beseni.

Ndani ya beseni mlikuwa na gagulo lake. Niseme ukweli, lile halikuwa vazi, lilikuwa jengo. Jekundu, marinda matatu, lilishonwa na masista enzi za mkoloni, na alikusudia kulivaa Jumamosi chini ya kitenge ili akikaa, akae kama chifu. Kwa siku tatu alikuwa amechungulia dirishani akitazama nguo za binti yake zinavyopaa, na macho yake yaliutamani ule mnyororo kama mtoto anavyotamani bembea. Akatazama kushoto. Akatazama kulia. Mimi hakuniona, maana mimi mtani, na mtani ni kama mbwa wa nyumbani, hahesabiwi. Akatundika gagulo, akalifunika kwa kitenge kama mwanamke mwenye haya zake, akachomoa pini.

Kosa lake lilikuwa dogo tu. Tufe lile linataka nguo ishirini mbichi za kushindana nalo. Yeye alilipa gagulo moja.

Krrrrrrr! Tufe likashuka kama jiwe kisimani, duara likapaa kama limefyatuliwa, likagonga juu, mnyororo ukaruka nje ya roda na kukwama. Kitenge kikapeperuka kwenda kwa mbuzi wa mchungaji. Gagulo likabaki. Upepo wa Agosti ukaingia kwa chini, likafunguka rinda baada ya rinda, jekundu, pana, limejaa, mita tisa juu ya Mikomfwa.

Mtu wa baiskeli akasimama barabarani. "Mjomba, hii bendera ya nchi gani?"

"Ya shangazi yako. Endelea na safari!"

Bibi Ngandwe alikuwa ameshajifungia ndani. Dirisha likafunguka kidogo.

"Mtani! Wewe mla panya!"

"Naam, mke wangu."

"Yule mtu yuko wapi?"

"Mtu gani?"

"Usinifanyie ujinga! Mwenye mlingoti!"

"Kaenda kuazima viti vya harusi yetu."

"Mtani, nisikilize. Akiliona lile, kesho mimi niko kwenye basi. Hakuna Jumamosi. Mkwe aliyeliona gagulo la mama mkwe utamwingiza wapi? Si ameshamaliza vyumba vyote!"

Na sauti ya Mama Chipasha kutoka ndani ikasema, kwa raha kabisa, "Ndivyo mila ilivyo."

Mguu wangu mmoja mbovu, lakini siku ile nilikimbia. Nilimkuta Ngosa kwenye kona ya kinu, anasukuma toroli la viti, anaimba. Hatua kumi mbele na angeona. Nikamvua kofia yake nikamzibia uso nayo.

"Mjomba! Umelewa?"

"Usitazame juu."

"Juu kuna nini?"

"Mama mkwe wako."

Akakaa chini papo hapo, kwenye vumbi, kofia usoni. "Amekufa?"

"Hajafa. Amefua."

Nilimweleza. Hakuuliza habari za aibu, hakuuliza habari za mila. Aliuliza, "Alitundika nguo ngapi?" Nilipomwambia moja, akapiga goti lake kwa uchungu. "Moja! Na tufe lile! Mjomba, kulikuwa na tofali pale pembeni kwa ajili ya kusawazisha!"

Nilimrudisha nimemshika mkono kama kipofu wa sokoni. Mtaa ulikuwa umeshajaa. Besa amerudi, kapu la nyanya chini, machozi tayari. Vijana wawili wa kituo cha basi walijaribu kupanda, grisi ikawashusha kwa adabu. Wa tatu alipovua viatu, dirisha likapaza sauti.

"Nani huyo anataka kushika gagulo langu? Baba yako alikutuma?"

Kijana akavaa viatu.

Wanawake hawapandi bomba na vitenge vyao. Mimi nina ruhusa ya mtani kushika chochote cha yule bibi, lakini nina kilo mia na mbili. Aliyebaki ni mmoja, aliyejua kila kijino cha lile bomba, na ndiye hasa asiyeruhusiwa kutazama.

"Nitapanda," Ngosa akasema ndani ya kofia. "Nifungeni macho."

Besa akaleta kanga. Dirisha likakataa. "Kanga inapitisha mwanga. Mwambieni huyo mtu avae kitu cha maana."

"Besa, mwambie mama nitavaa chochote," Ngosa akasema. Alikuwa hatua nne kutoka dirishani.

"Mama, anasema atavaa chochote."

"Nimesikia, mimi si kiziwi. Mwambie mfuko wa unga."

"Anasema mfuko wa unga."

"Nimesikia, Besa."

Akavikwa mfuko wa unga wa mahindi wa kilo ishirini na tano, mpaka mabegani. Haukuwa mtupu sana. Alipiga chafya sita kabla ya kufika kwenye bomba. Mama Chipasha akatoka, akaamuru watu wote wageuke, maana gagulo la mtu mzima si la kukodolewa. Basi pata picha hiyo: watu mia moja wameupa mgongo mlingoti, wanatazama ukuta wa duka, na mtu mwenye kichwa cha mfuko anapanda mbinguni. Mimi peke yangu nilitazama, kwa kazi ya kumwongoza. Kazi hiyo niliifanya vizuri, asikudanganye mtu.

Alipanda kama anayepanda kitandani kwake. Kijino cha kwanza, cha pili, kile cha pembeni, kile cha kudanganya wezi alikiruka. Nusu ya njia dirisha likauliza, "Mtani, amefika wapi?"

"Nusu."

"Mwambie mnyororo umetokea upande wa jua."

"Ngosa, upande wa jua!"

"Mwambie najua, nimesikia mlio wake tangu kanisani!"

"Mke wangu, anasema..."

"Nimesikia! Mwambie asijisifu akiwa juu!"

Akafika. Akapapasa, akaupata mnyororo, akaurudisha kwenye roda kwa mkono mmoja. Watu waliogeuka waliposikia kle! walipiga makofi wakitazama ukuta. Na hapo ndipo upepo ulipogeuka. Gagulo likaacha kuelekea mjini, likarudi, likamfunika Ngosa mzima: kichwa, mabega, mikono. Kutoka chini niliona bomba, juu ya bomba marinda matatu mekundu, na miguu miwili ya binadamu inatokea chini yake.

"Mjomba! Giza limeongezeka! Nini hiki?"

Nikamjibu, "Ni... hali ya hewa."

Akajitahidi kujitoa, gagulo likachomoka kwenye ndoana likabaki limemvaa, akakanyaga vibaya, kijino kikakatika. Miguu yote miwili ikaning'inia. Nilifungua mdomo nimwelekeze na, Mungu shahidi wangu, hakuna kilichotoka. Ulimi ule ule ambao hakuna mtu wa Luanshya amewahi kuuzima. Besa alipiga yowe, amegeuka nyuma bado, hajui hata anapigia nini.

Mlango wa nyumba ukapigwa kwa nguvu. Bibi Ngandwe akatoka miguu mitupu, akaja mpaka chini ya mlingoti, akatazama juu.

"Ngosa! Mguu wa kushoto! Shusha, shusha kidogo, kuna chuma! Hapo! Kanyaga hapo, mwanangu!"

Mguu ukashuka, ukapapasa, ukakanyaga.

"Nimekipata, mama," sauti ikajibu kutoka ndani ya gagulo.

"Sasa wa kulia. Usifanye haraka, nipo."

"Ndiyo, mama."

Watu mia moja wakageuka kwa pamoja, mila au si mila. Alishuka hivyo, kijino kwa kijino, mama mkwe akitaja na mkwe akiitikia, mpaka akasimama ardhini amevaa mfuko wa unga na juu ya mfuko gagulo la masista. Bibi Ngandwe akaweka kiganja mdomoni. Ndipo alipokumbuka.

Sote tukamtazama Mama Chipasha. Mwanamke yule alikuwa amepata kosa kubwa kuliko yote ya maisha yake na hakujua alipange wapi.

"Dada," akaanza, "umemwita jina."

"Nimemwita."

"Mara ngapi?"

"Hukuhesabu? Wewe ndiye mwenye kuhesabu."

"Naye amekuitikia. Hilo halirudi mdomoni. Mila iko hivi: mkwe aliyesemeshwa lazima alishwe kabla jua halijatua, au asionane nawe tena mpaka kaburini. Na kuku wa Jumamosi wako wapi? Wanatembea pale! Vikanda vya mizizi havijapikwa, kinywaji cha munkoyo hakijachacha, wazee hawajafika. Mimi naona tufunge mizigo."

Ngosa alisimama tuli. Unga ulikuwa unamchuruzika shingoni. Besa alikuwa amemshika mama yake ncha ya kitenge, kama mtoto anayeachwa shuleni siku ya kwanza, na mwanamke yule ana miaka hamsini.

Bibi Ngandwe akamgeukia mdogo wake. "Jana usiku tulikula nini?"

"Ugali. Na viwavi."

"Vimebaki?"

"Dada, huwezi kumwingiza mkwe kwa kiporo cha viwavi!"

"Vimebaki au havijabaki?"

Vilikuwa vimebaki, vikapashwa moto. Mkeka ukatandikwa palepale chini ya mlingoti. Wakamvua gagulo kwanza, nikalishika mimi, mwenye ruhusa. Wakamkalisha, na akiwa bado ndani ya mfuko Bibi Ngandwe akakata tonge, akalichovya, akaweka kiwavi juu, akainua ukingo wa mfuko kama mtu anayefunua sufuria, akamtia mdomoni. Wanawake wakapiga vigelegele. Mara tatu. Kisha akauvuta mfuko wenyewe kwa mkono wake.

Alikuwa mweupe kama mzimu, nyusi, sharubu, kila kitu. Wakatazamana. Miaka ishirini na saba.

"Kumbe una sharubu," Bibi Ngandwe akasema.

"Ndiyo, mama."

"Besa hakuniambia. Kula, viwavi vinapoa."

Akala. Besa akakaa katikati yao na kula pia, analia anatafuna, analia anatafuna. Mimi nilikuwa na mafua ya ghafla.

Ningekomea hapo kama ningekuwa mtu wa kudanganya. Lakini fikiria: mtu amenyamaza mbele ya mama mkwe miaka ishirini na saba. Maneno yote yale yalikuwa wapi? Yalikuwa yanangoja. Ngosa alipomaliza kunawa alianza na tufe na uzani wake, na kwa nini nguo moja haitoshi. Akaenda kwenye upepo wa Agosti na tofauti yake na wa Julai. Akaenda kwenye mita. Akaleta karatasi za mita. Akamwonyesha kuku ndani ya mashine. Ijumaa alianza kabla ya chai. Jumamosi, kuku wa sherehe walipoiva na wazee walipofika, alikuwa amefika kwenye suruali za mgodini na alizikumbuka zote mia nane, moja moja, na wenyewe.

Jumamosi jioni Bibi Ngandwe aliniita nyuma ya jiko.

"Mtani wangu," akasema kwa sauti ya chini, "wewe umekaa sana na Wabemba. Ule mwiko, hakuna dawa ya kuurudisha?"

"Hakuna, mke wangu. Ungebaki ndani."

"Hata siku mbili tu? Hata asubuhi peke yake?"

Kutoka uani tulisikia, "Mama! Mama uko wapi? Nimekumbuka suruali ya mia nne na kumi!"

Alifumba macho, akavuta pumzi, akajifunga kitenge vizuri. "Naja, mwanangu," akaitikia, akatoka. Alipanga kukaa wiki moja. Mpaka leo, miezi miwili imepita, bado yuko.